Kiti cha Baiskeli Kinanitia Ganzi, na Kila Anipendaye Amekishika

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 58, mstaafu wa jeshi, na naishi kijijini, kilomita 11 kutoka mjini Tororo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyoitumia kazini kwa miaka 24, na ndiyo tunayozungumza nyumbani, kwani mama watoto alizaliwa upande wa pili wa mpaka. Huenda jambo lenyewe likawachekesha wengine, lakini limenikosesha raha tangu mwezi wa kwanza, na hapa kwetu sina mtu wa kumwambia bila habari kufika kanisani kabla yangu.

Nina ng'ombe watatu wa maziwa. Kila asubuhi hupakia majerikeni mawili ya lita 20 kwenye keria ya baiskeli yangu, zile nyeusi za Kihindi zenye breki za vyuma, nikayapeleka mjini. Kilomita nne za kwanza ni murramu iliyojaa mawimbi, na zilizobaki ni lami ya barabara kuu ya Malaba, ambako matrela hupita karibu nawe kiasi kwamba shati linavutwa na upepo wake.

Fundi wangu ni rafiki wa miaka 15, na ndiye aliyekaa nami matanga yote nilipofiwa na mama. Tangu mwanzo alikiweka kiti chini kabisa, akaniambia, "Ukisikia honi ya trela, miguu yote miwili iwe imeshafika chini." Nilimtii. Tatizo ni kwamba magoti yangu yalianza kuuma upande wa mbele, kuzunguka pia ya goti, hadi nikawa nashika benchi la mbele ninapoinuka kanisani.

Krismasi iliyopita kijana wangu alikuja kutoka Kampala, ambako huendesha baiskeli za mbio na wenzake siku za Jumapili. Aliponiona napiga pedali akasema naendesha kama chura. Akachukua spana, akapandisha kiti kwa upana wa vidole vinne, kisha akainua pua ya kiti, yaani ile ncha yake ya mbele, kidogo ili, kwa maneno yake, nisiwe nateleza mbele. Nikiri kwamba wiki ile magoti yalipata nafuu. Lakini nyonga zilianza kuyumba huku na huku kama mtu anayepepeta mtama, vidole vya miguu vikawa vinaitafuta pedali, na baada ya nusu saa hivi sehemu za mbele, nadhani unanielewa, zilikufa ganzi kabisa, kama mkono uliolaliwa usiku. Nikishuka, hisia hurudi baada ya dakika kumi, kwanza kama sisimizi wanaotembea.

Fundi alipoiona baiskeli hakuficha kuudhika. "Nani ameshika kazi yangu?" aliuliza, na bila kungoja jibu akalegeza nati, akakipiga kiti kwa kiganja mpaka kikarudi chini. Magoti yakarudia kuuma, na ganzi haikuondoka.

Mke wangu sikumweleza yote. Nilimwambia tu kwamba kiti kinaniumiza. Bila kuniambia neno alikata kipande cha godoro, unene wake vidole vitatu, akakishonea kitambaa cha kitenge na kukifunga juu ya kiti kwa kamba. Ni kazi nzuri, na hata watoto wa shule huisifu. Lakini ninapokikalia, ganzi huja mapema zaidi kuliko zamani. Juzi jirani mmoja pale senta alisema kwa sauti ya juu kwamba baiskeli huwamaliza wanaume nguvu, na mke wangu alikuwepo. Jioni ile aliniambia niiuze, tumlipe kijana wa boda boda awe anapeleka maziwa.

Hesabu nimeipiga, na nauli hiyo itakula karibu maziwa yote ya ng'ombe mmoja. Isitoshe, muuguzi anayenipima presha anasema imeshuka tangu nianze kuendesha miaka miwili iliyopita. Nikimruhusu kijana akipandishe tena, fundi atavunjika moyo. Nikivua kitambaa, mke wangu ataona nimemdharau. Na nikiendelea hivi hivi, naogopa kupoteza kitu ambacho sitaki kukitaja hapa. Nifanye nini?

Mstaafu, Tororo

*

Afande, pokea salamu zangu, na usione haya hata kidogo kwa uliyoyaandika. Wewe si askari wa kwanza kupatwa na hali hiyo. Nchini Marekani, taasisi ya serikali inayochunguza afya ya wafanyakazi, NIOSH, iliwafuatilia polisi 90 wa doria za baiskeli waliopewa viti visivyo na pua wavitumie kwa miezi 6, na utafiti huo uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ganzi ilipungua sana miongoni mwao. Sikuelezi hayo ili ukatafute viti vya namna hiyo, maana sidhani utavikuta katika maduka ya Tororo. Nakueleza ili ujue kwamba watu wazima, wenye kazi za heshima, walikaa wakaulizwa swali hili hili unalomficha mkeo, na wakalijibu.

Nikiielewa barua yako vizuri, baiskeli moja imebeba shida mbili. Ipo shida ya mwili wako, ambayo ina sababu zake na inaweza kupimwa kwa futi, na ipo shida ya watu watatu ambao kila mmoja amekishika kiti kwa nia njema, nawe unaona huwezi kukigusa bila kumgusa mmojawapo. Umeziandika kana kwamba ni shida moja. Ningependa tuzitenganishe kwa muda, tuanze na ile ya mwili, kwa sababu nadhani ina nafuu iliyo karibu zaidi kuliko unavyodhani.

Kaa kwenye benchi gumu la mbao, kisha ingiza viganja vyako chini ya makalio. Utaikuta mifupa miwili, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo iliyoumbwa kubeba uzito wako. Katikati yake upo msamba, sehemu laini inayopitiwa na neva na mishipa ya damu inayokwenda huko mbele ulikokutaja kwa adabu. Kiti kikiwa sawa, mifupa hubeba na msamba hupumzika. Pua ya kiti ikiinuliwa, ule msamba ndio unaobanwa, na ganzi ni namna ya neva kulalamika.

Sasa, ipo sentensi katika barua yako ambayo niliirudia mara tatu. Unasema fundi alilegeza nati, akakipiga kiti kwa kiganja, kikarudi chini. Hukusema kwamba aligusa pua. Katika baiskeli kama yako, nati inayobana nguzo ya kiti kwenye fremu ni nyingine, na zile nati mbili zilizo ubavuni, chini ya kiti chenyewe, zinazoruhusu pua kupanda au kushuka, ni nyingine. Inawezekana basi kwamba fundi alirekebisha urefu peke yake, na pua imebaki vile vile alivyoiacha kijana wako. Kama ndivyo, hapo utaona kwa nini magoti yalirudia maumivu yake ya zamani huku ganzi ikibaki ilipo. Huenda nimekosea, kwa kuwa mimi nimeisoma barua na sikuiona baiskeli, lakini hilo unaweza kulihakiki leo jioni: weka ubao mfupi ulionyooka juu ya kiti kuanzia nyuma hadi puani, weka pimamaji ya mwashi juu ya ubao huo, baiskeli ikiwa imesimama mahali tambarare, na uangalie povu limekimbilia upande gani.

Kwa watu wengi mahali pazuri pa kuanzia ni kiti kilicholala sawasawa. Baadhi hupata nafuu zaidi pua ikiinama kidogo sana, lakini usiizidishe, kwa sababu kiti kilichoinama mno humtelezesha mtu mbele, uzito ukaangukia mikononi, na ganzi ikahamia kwenye vidole. Nadhani hilo ndilo kijana wako alilokuwa analikimbia, isipokuwa alikimbia mbali mno.

Kuhusu urefu, nikuulize jambo ambalo barua haikuligusa: je, kuna mtu yeyote aliyewahi kukupima wewe mwenyewe ukiwa umekaa? Fundi alipima trela, na kijana alipima baiskeli za wenzake wa Kampala. Miguu yako haikuulizwa. Kuna njia ya zamani isiyohitaji chochote ila ukuta. Egemeza baiskeli ukutani, panda ukiwa na viatu unavyoendeshea kila siku, na kama ni gamboti basi uvae gamboti, kwa sababu soli yake hubadilisha hesabu. Weka kisigino juu ya pedali na uizungushe kinyumenyume polepole. Pedali ikifika chini kabisa, goti linapaswa kunyooka huku kisigino bado kinagusa, na nyonga isishuke upande mmoja kukifuata. Kisha unapoendesha kwa kawaida, ukiweka pedali chini ya ile sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi, na hapo ndipo linapofanya kazi bila kuteseka.

Wapo wanaopenda namba. Kanuni iliyoenezwa kwa jina la Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, huchukua urefu kutoka msambani hadi sakafuni, bila viatu, na kuuzidisha kwa 0.883. Mtu mwenye sentimita 82 atapata kama sentimita 72.4, zinazopimwa kutoka katikati ya ekseli kubwa iliyo chini ya fremu, ile inayozunguka na mikono ya pedali, kulifuata bomba la fremu linaloshika nguzo ya kiti, hadi juu ya kiti. Kijana wako bila shaka anaijua. Lakini kanuni hiyo ilitengenezwa kwa waendesha mbio, na kiti chako cha springi hudidimia unapokikalia, kwa hiyo namba na kisigino vikikataa kupatana, mimi ningekisikiliza kisigino.

Dalili ulizozitaja zinakubaliana na haya. Goti linalouma mbele mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno, kwa kuwa goti hukunjwa sana na kusukuma likiwa limekunjwa vile vile. Nyonga zinazoyumba na vidole vinavyoitafuta pedali ni dalili za kiti kilichopita kiasi. Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi kuhusu upande wa kwenda, ila vidole vinne kwa mkupuo mmoja ni safari ndefu, na msamba uliokuwa unayumba juu ya pua iliyoinuka ulisuguliwa kila ulipopiga pedali. Jambo moja la usalama nalo: nguzo ya kiti ina alama ya mwisho wa kupandishwa, na pasipo na alama acha angalau sentimita 7 za nguzo ndani ya fremu, kwa kuwa nguzo ikivunjika na maziwa nyuma yako, mazungumzo yetu yatakuwa ya aina nyingine.

Nikija kwa fundi, sitaki umwone kuwa hajui kazi. Lita 40 za maziwa zina uzito unaozidi kilo 40 kidogo, na mzigo huo ukishaanza kuegemea upande mmoja, hakuna vidole vya mguu vitakavyouzuia. Kwa asubuhi yako, kiti kilicho chini kidogo kina hoja. Ninachojiuliza ni kama unalazimika kusimama ukiwa bado umekaa. Waendeshaji wengi ambao kiti chao ni kirefu hawashushi miguu kutoka kitini. Huteleza mbele, wakaacha kiti nyuma yao na kukanyaga ardhi wakiwa wima, huku baiskeli ikiwa kati ya miguu. Ni jambo la kujifunza kwa majerikeni matupu, uani, mara ishirini hivi, kabla ya kulipeleka barabarani. Na trela likija, mara nyingi ni afadhali kutoka kwenye lami mapema kuliko kusubiri kujua kama miguu itawahi.

Unaweza pia kutafuta urefu wa katikati, ukipandisha nusu sentimita, ukaendesha siku tatu au nne, ukapandisha tena, hadi pale magoti yatulie na ncha za mguu mmoja bado zifike chini. Ubaya wake ni kwamba huenda magoti yasipone kabisa. Wengine wangekushauri uwe na alama mbili, ya kwenda na mzigo na ya kurudi mtupu, kwa kuwa ni nati moja tu. Hapo mimi ninasita kidogo: nati inayolegezwa mara mbili kila siku huchakaa, na siku utakayosahau kuikaza, kiti kitageuka ukiwa katikati ya barabara. Lakini wewe umelelewa na nidhamu ya kukagua silaha kila asubuhi, pengine kwako si tatizo.

Kiti kinaweza pia kusogezwa mbele au nyuma. Mikono ya pedali ikiwa imelala sambamba na ardhi, dondosha timazi kutoka mbele ya goti la mbele. Kwenye baiskeli nyingine uzi huangukia karibu na ekseli ya pedali hiyo. Kwenye baiskeli zenu nyeusi fremu imelala nyuma zaidi na mtu hukaa wima, kwa hiyo uzi ukiangukia nyuma kidogo usihangaike. Usibadilishe hili wiki moja na urefu, la sivyo hutajua ni kipi kilichokuponya.

Sasa mto wa mama watoto. Hapa naandika kwa uangalifu, kwa sababu nauona upendo uliomo ndani yake. Sponji nene ina tabia moja mbaya: mifupa ile miwili huzama ndani yake, na sponji ya katikati huinuka na kuusukuma msamba. Kwa hiyo kuja kwa ganzi mapema si mawazo yako. Lakini je, una hakika kwamba mkeo angeona umemdharau? Alishona dawa ya ugonjwa aliotajiwa, na ulimtajia nusu tu. Anachoogopa yeye, baada ya maneno ya yule jirani, yawezekana ni kile kile unachokiogopa wewe, na kila mmoja anakiogopa peke yake katika chumba kimoja. Ukimweleza yote, inawezekana akasisitiza zaidi kwamba baiskeli iuzwe. Hilo lipo, na siwezi kukuahidi vinginevyo. Inawezekana pia akafumua kitambaa yeye mwenyewe, akapunguza sponji ya katikati na kuacha ya pembeni.

Pendekezo lake la boda boda nalo lisitupwe kwa sababu tu linauma mfukoni. Hata kwa wiki mbili, wakati msamba unapumzika na kiti kinapimwa, linaweza kuwa gharama ya kuvumilika. Hofu ni kwamba wiki mbili huwa mwaka, na presha iliyoshuka kwa miguu hiyo hiyo ikapanda tena.

Kuhusu lile usilotaka kulitaja, ganzi inayoondoka dakika chache baada ya kushuka kwa kawaida hutokana na kubanwa, na hupungua kinachobana kikiondolewa. Hata hivyo si kitu cha kuzoea kishujaa. Ukiihisi, inuka juu ya pedali, na kwenye murramu ya mawimbi inuka hata kabla hujaihisi. Lakini ikidumu kwa saa nyingi, ikija siku ambazo hukupanda baiskeli, mkojo ukibadilika, miguu ikilegea, au ukiona mabadiliko chumbani, nenda kituo cha afya usingoje fundi wala kijana, na uombe wakupime sukari pia, kwa kuwa umri wetu huu una mengi yanayofanana na kiti kibaya.

Umebaki urafiki wa miaka 15. Fundi hakuulizwa alipoanza kukishusha kiti, wala hakuulizwa kijana alipokipandisha, na nadhani hilo la pili ndilo lililomchoma kuliko urefu wenyewe. Unaweza kurekebisha pua mwenyewe, kimya kimya, na huenda asiione kamwe. Au unaweza kumpelekea baiskeli bila kumpelekea hukumu: umwambie magoti yanauma mbele, umwombe akushikie baiskeli ukutani wakati unaweka kisigino kwenye pedali, na yeye ndiye ashike spana. Atakataa? Huenda. Watu wa kazi za mikono wana fahari yao. Lakini mtu aliyekaa nawe matanga yote hawezi kushindwa kusikia neno goti, na lile neno jingine pia, mkiwa wawili tu chini ya mwembe.

Mkifika mahali ambapo mwili umekubali, wekeni alama kwenye nguzo pale inapoingilia kwenye fremu. Msitumie chaki, mvua ya mwezi wa nne itaifuta. Ikwaruzeni kwa msumari, ili kijana akirudi Krismasi aikute.